Mchezaji Huru Si wa Bure

Katika lugha ya kandanda, mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha huitwa mchezaji huru. Klabu inayomtaka haidaiwi ada ya uhamisho na klabu yake ya zamani. Huzungumza naye mwenyewe, pande mbili zikakubaliana, naye akatia sahihi. Wapenzi wengi wa mchezo huu husikia neno "huru" wakadhani kuwa maana yake ni "bure", na hapo ndipo hesabu zao huanza kuharibika. Mfugaji wa Ankole anafahamu vyema kwamba ng'ombe aliyepewa zawadi na rafiki hula majani yale yale, hunywa maji yale yale, na huhitaji dawa ile ile ya kupe kama ng'ombe aliyenunuliwa mnadani. Na ikiwa ng'ombe huyo amekwisha kuzaa mara nyingi, mwenye zizi hana budi kumtazama kwa makini zaidi, asije akamlisha miaka miwili kwa ajili ya sifa za maziwa aliyoyatoa kwa mtu mwingine.

Ndivyo ilivyo kwa mchezaji mkongwe. Hakununuliwa, lakini anakula posho, analala chumbani, anapanda gari, na zaidi ya yote anashika nafasi moja miongoni mwa nafasi 11 ambazo kijana angeweza kuishika. Msimu unapokwisha, viongozi wa klabu hujiuliza: je, mtu huyu ametulipa? Swali hili huulizwa katika klabu kubwa zenye wahasibu na mawakili. Huulizwa vilevile katika miji midogo, ambako mhasibu ni mama wa nyumbani mwenye daftari na kalamu ya risasi.

Mojawapo ya miji hiyo ni Kaberebere, katika Wilaya ya Isingiro, kandokando ya barabara itokayo Mbarara kwenda Kikagati, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Malori hupakia ndizi hapo, na wasafiri hushuka wakanyoosha miguu. Si mbali na hapo yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na ambayo leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia na nchi nyinginezo. Jumapili alasiri vijana wa pande hizo hukutana uwanjani, na Kiswahili ndicho kinachowasikilizanisha: Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, na kile cha kambini ambacho wazee wa hapo walijifunza walipokuwa katika jeshi au polisi.

Mwenyekiti wa timu moja ya vijana mjini humo ni sajini mstaafu wa polisi. Mkewe ndiye mweka hazina. Mwanzoni mwa msimu kamati yao ilimchukua mlinzi wa kati mwenye umri wa miaka 34, ambaye aliwahi kucheza katika ligi za juu na ambaye wakati huo hakuwa na klabu. Masharti yake hayakuwa makubwa: chumba, chakula, nauli ya kwenda Mbarara kuiona familia yake kila mwisho wa mwezi, na posho kidogo. Hata hivyo, kidogo hicho kilitoka katika nyumba za watu. Wengine walitoa fedha taslimu, wengine walitoa mkungu wa ndizi ukauzwa barabarani, na mjane mmoja alitoa kuku wawili kwa sababu mwanawe ndiye mlinda mlango. Kwa jumla, gharama ya mkongwe huyo kwa msimu mmoja ilikuwa sawa na bei ya jozi 16 za viatu vya mpira. Vijana wengi wa timu hiyo walikuwa wakicheza na viatu vya kuazimana.

Msimu ulipokwisha timu ilikuwa ya tatu, na kamati ikatakiwa kuamua kama mkataba uongezwe. Siku hizo alikuwapo nyumbani kwa sajini mpwa wake, askari wa jeshi aliyekuwa likizoni, kijana mwenye maneno makali kuhusu kandanda.

"Mjomba," alisema, "mzee huyu hakufunga hata bao moja. Mmemlisha mwaka mzima ili asimame nyuma na kunyoosha kidole."

"Afande wangu," akajibu sajini, "umewahi kuhesabu mabao ya Erasto Nyoni?"

Mfano huo haukuokotwa ovyo. Nyoni anajulikana pande zote mbili za Mto Kagera. Warundi wa Nakivale wenye umri wa kutosha wanamkumbuka kwa kuwa aliwahi kuichezea Vital'O ya Bujumbura. Watanzania wanamkumbuka tangu Juni 2007, alipokuwa na miaka 19, alipofunga bao pekee la Taifa Stars mjini Ouagadougou dhidi ya Burkina Faso. Waganda nao wanayo sababu yao ya kumkumbuka, nayo itaelezwa punde.

Mwaka 2017 mkataba wa Nyoni na Azam ulikwisha. Alikuwa na miaka 29, na alikuwa ameichezea klabu hiyo kwa miaka mingi, ukiwamo msimu wa 2013/14 ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Simba ya Dar es Salaam ikamchukua. Msomaji wa Uganda asiichanganye Simba hii na ile ya jeshi la Uganda iliyofika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972 na kushindwa na Hafia ya Guinea. Wakati huohuo walitoka Azam kwenda Simba mshambuliaji John Bocco, mlinzi Shomari Kapombe na mlinda mlango Aishi Manula. Simba ilikuwa haijatwaa ubingwa wa ligi tangu mwaka 2012. Wapo waliosema wakati huo kwamba klabu yenye kiu ya ubingwa haipaswi kumchukua mlinzi anayekaribia miaka 30.

Matokeo yanajulikana. Simba ilitwaa ubingwa msimu wa 2017/18, ikautwaa tena 2018/19, 2019/20 na 2020/21. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ilifika robo fainali mara mbili ndani ya muda huo, mwaka 2019 na mwaka 2021. Mtu akisoma orodha hiyo upesi atasema kwamba Nyoni alilipa mara mia. Lakini mwenye kupima kwa haki hatakubali hukumu ya haraka namna hiyo. Msimu wa kwanza Emmanuel Okwi wa Uganda alifunga mabao 20. Bocco na Manula nao walikuwapo. Kombe la timu ya watu 11 haliwezi kuandikwa katika hesabu ya mmoja, kama vile mavuno ya shamba la familia hayawezi kuandikwa kwa jina la aliyeshika jembe siku ya mwisho.

Njia ya kwanza iliyo bora ya kumpima mkongwe ni kuuliza alifanya kazi ngapi. Nyoni aliweza kucheza beki wa kulia, beki wa kushoto, mlinzi wa kati, na kiungo wa mbele ya walinzi. Kocha aliyekuwa naye alikuwa na jibu moja kwa matatizo manne. Akiumia beki, Nyoni anaingia. Akisimamishwa kiungo kwa kadi, Nyoni anaingia. Klabu isiyo na mtu wa aina hiyo hulazimika kuajiri wawili au watatu, na wote hula. Faida ya namna hii haionekani katika jedwali la wafungaji, bali katika orodha ya mishahara, kwa majina ambayo hayakuandikwa.

Njia ya pili ni kutazama pengo lake. Januari 2019 Nyoni aliumia wakati wa Kombe la Mapinduzi huko Zanzibar. Mwezi huohuo, bila yeye, Simba ilifungwa 5–0 na AS Vita mjini Kinshasa, na mashabiki wengi wakasema ukuta ulikuwa umeondolewa jiwe. Huenda walisema kweli, lakini tahadhari inahitajika. Februari Simba ilifungwa 5–0 nyingine na Al Ahly ugenini Misri, kisha siku 10 baadaye ikaishinda Al Ahly hiyohiyo 1–0 mjini Dar es Salaam. Safari, uwanja na ubora wa mpinzani navyo vina uzito. Pengo la mtu mmoja lipimwe kwa michezo mingi, si kwa siku moja mbaya.

Njia ya tatu ni kutazama jinsi anavyosimama siku ya hofu. Hapa ndipo Waganda wanapoingia. Tarehe 24 Machi 2019, Tanzania ilihitaji kuishinda Uganda mjini Dar es Salaam ili ipate nafasi ya kwenda fainali za Mataifa ya Afrika, ambako haikuwa imefika tangu mwaka 1980. Simon Msuva alifunga bao la kwanza. Kipindi cha pili Tanzania ikapata penalti, na aliyeusogelea mpira ni Nyoni, ambaye miezi michache nyuma alikuwa akiuguza jeraha. Akafunga. Mkongwe mwenzake, Aggrey Morris, akaongeza la tatu. Uganda ilikuwa imekwisha kufuzu, kwa hiyo mjini Kaberebere watu waliweza kucheka siku ile. Lakini wazee walitikisa vichwa, wakijua kwamba penalti ya namna hiyo hapewi mtu ambaye magoti yake yanagongana.

Mfano wa Nyoni unapatikana kwingineko pia. Mwaka 2011 AC Milan ya Italia ilimwacha Andrea Pirlo aondoke mkataba wake ulipokwisha, akiwa na miaka 32. Juventus ikamchukua bila ada ya uhamisho, na katika misimu minne aliyokaa huko ikatwaa ubingwa wa Italia mara nne. Uhuru huo wa wachezaji wa Ulaya ulitokana na kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya tarehe 15 Desemba 1995. Kabla ya hapo klabu iliweza kudai fedha za uhamisho hata kwa mtu ambaye mkataba wake umekwisha. Tangu hukumu hiyo, fedha ambazo zamani zilikwenda kwa klabu iliyoachwa sasa huenda kwa sehemu kubwa kwa mchezaji mwenyewe, kama malipo ya kutia sahihi na mshahara mnono. Kwa hiyo hata huko "bure" haipo. Aliyebadilika ni mpokeaji.

Pamoja na hayo yote, hesabu ya Nyoni ina ukurasa wa pili. Mwaka 2018 Simba ilimleta mlinzi Pascal Wawa wa Ivory Coast, na mwaka 2020 ikamleta Joash Onyango wa Kenya. Nafasi ya Nyoni ilipungua kidogo kidogo. Msimu wa 2021/22 na ule wa 2022/23 ubingwa ulikwenda kwa Yanga, na mwaka 2023 Nyoni aliagana na Simba, akajiunga na Namungo ya Mkoa wa Lindi. Je, misimu hiyo ya mwisho nayo ililipa? Anayempenda atasema kwamba alikuwa mshauri wa vijana. Mwenye kalamu ya risasi atauliza ni kijana gani, na alijifunza nini.

Hapo lipo kosa ambalo klabu nyingi hulifanya kwa wakongwe. Huhesabu miaka yote kama mkataba mmoja. Uamuzi wa mwaka 2017 ulikuwa ununuzi mmoja, nao ulilipa bila ubishi. Kila sahihi iliyofuata ilikuwa ununuzi mpya, wa mtu mwenye umri mwingine, katika timu nyingine. Sifa za ununuzi wa kwanza haziwezi kulipia wa tatu. Mwanamke anayeijua nyumba yake hanunui tena mafuta ya taa kwa muuzaji yule yule kwa sababu tu ya uzuri wa chupa ya mwaka juzi. Huifungua chupa ya leo akainusa.

Mke wa sajini alikuwa akiyasikiliza maneno hayo ya Simba na Azam huku akichambua maharage. Wanaume walipochoka, alileta daftari lake. Alikuwa ameandika kila mchezo, aliyecheza, aliyekosekana na mabao waliyofungwa. Michezo ilikuwa 16. Mkongwe alicheza 11, na katika hiyo timu ilifungwa mabao 8. Mwanzoni mwa msimu alikosa michezo 3 kwa sababu ya goti, na timu ikafungwa mabao 7.

"Umeona?" sajini akamwambia mpwa wake kwa furaha.

"Ngoja, Baba watoto," akasema mkewe. "Hesabu haijaisha. Michezo miwili ya mwisho alikuwa amekwenda kwao kumzika baba yake. Nafasi yake aliishika yule kijana wa miaka 18, mtoto wa fundi cherehani. Michezo miwili, na mmojawapo ni dhidi ya timu ngumu ya Nakivale. Tulifungwa bao 1."

Mpwa akacheka. "Basi nilisema kweli, Mama mkubwa. Mzee hakuhitajika."

"Hukusema kweli," akajibu mama huyo. "Mwanzoni mwa msimu kijana huyo huyo alikuwapo, na ndiye aliyecheza ile michezo mitatu ya mabao saba. Alikuwa akiukimbilia mpira kama kuku aliyeona mwewe. Baadaye alisimama karibu na mzee kila siku ya mazoezi, akaambiwa: tulia, tazama mguu wa mtu usitazame mpira, mwite beki wako kwa jina. Hiyo ndiyo kazi tuliyoilipia, na imekwisha kufanyika."

Sajini alinyamaza. Ilikuwa dhahiri kwamba jambo hilo lilimgusa. Mlinzi yule alikuwa na watoto wanne Mbarara, na hakuwa na klabu nyingine. Mwanamume aliyewahi kuvua sare yake kwa mara ya mwisho, akairudisha ghalani na kutoka langoni akiwa amevaa shati la kiraia, hawezi kulichukulia jambo la namna hiyo kwa wepesi.

"Mama watoto," akasema hatimaye, "mtu akiisha kufundisha, ndiyo tumfukuze?"

"Wewe ulipostaafu, kituo kilifungwa?"

"Hakikufungwa. Niliwaacha vijana wanaoijua kazi."

"Na ulifukuzwa?"

Sajini hakujibu, lakini aliivuta karatasi akaanza kuandika ajenda ya kikao.

Katika mazungumzo hayo mafupi mna kipimo ambacho hata klabu kubwa zingefaa kukifuata. Mkongwe mwema hutazamwa mara mbili. Mara ya kwanza ni pale anapokosekana mapema, na pengo lake linaonekana kwa kila mtu. Hapo hujulikana kwamba alikuwa na thamani. Mara ya pili ni pale anapokosekana mwishoni, na pengo limekuwa dogo. Hapo hujulikana kwamba thamani ile ameigawa. Anayepita mtihani wa kwanza peke yake alikuwa mchezaji mzuri, lakini ameiacha klabu ikiwa maskini kama alivyoikuta. Anayepita mitihani yote miwili amelipa deni lake lote, na klabu haina haki ya kumtumia vibaya kwa kumweka benchi mwaka mzima kwa huruma, wala ya kumtoa kwa mlango wa nyuma kana kwamba alishindwa.

Wasomaji walio katika majeshi wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Katika timu za vikosi mchezaji aliyezeeka mara nyingi hubaki kambini, akaendelea na kazi yake ya askari, na maarifa yake hayapotei. Timu za kiraia za miji midogo hazina nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo zinapaswa kusema mapema. Mchezaji huru anayeambiwa mwezi wa mwisho wa msimu ana muda wa kutafuta. Anayeambiwa siku ya kwanza ya mazoezi mapya amekwisha kuachwa na magari yote.

Tena, hesabu ina pande mbili. Watu wengi huuliza kama mkongwe ameilipa klabu, na ni wachache wanaouliza kama klabu imemlipa mkongwe. Mchezaji wa miaka 34 hana misimu mingi iliyobaki ya kuuza. Ukichelewesha posho yake miezi miwili, umechukua sehemu ya mali ambayo hawezi kuizalisha tena. Klabu yenye madeni kwa mchezaji wake haijapata uwezo wa kumhukumu.

Kikao cha Kaberebere kilifanyika Jumamosi iliyofuata, na mkongwe mwenyewe akaitwa. Alielezwa yaliyomo katika daftari, mchezo kwa mchezo. Aliomba aonyeshwe ukurasa wa michezo miwili ya mwisho, akausoma mara mbili, kisha akauliza ni nani aliyelifunga lile bao moja na limeingilia upande gani. Kijana wa miaka 18 akamweleza. Mzee akasimama, akamwonyesha kwa miguu mahali alipopaswa kusimama.

Kamati iliamua kwamba mkataba wake hautaongezwa, na kwamba mwenyekiti ataandika barua ya kumsifu kwa timu nyingine za Mbarara na Isingiro. Mweka hazina akasema kuwa kabla ya kununua kiatu hata kimoja lipo jambo lililosalia. Akaifungua bahasha, akahesabu mbele ya watu wote posho ya mwezi mmoja ambayo timu ilikuwa bado haijaitoa, pamoja na nauli ya kwenda Mbarara. Mzee akapokea, akahesabu naye, akatia sahihi. Fedha iliyobaki ilitosha jozi 9 za viatu. Kamati ikaahirisha mjadala wa jozi 7 zilizopungua hadi mavuno ya ndizi.